Nani Aliyemfunza Mtoto Huyu?



Wasomaji wetu wapenzi, akina mama na akina baba, na vijana mnaowasomea wazee wenu ukurasa huu: juma hili tunaanza na swali tuliloletewa baada ya darsa ya Alasiri. Siku tuliyoulizwa tulilidhani ni jepesi. Kumbe ni zito.

Mama mmoja alisubiri wanawake wenziwe watoke, kisha akasema: "Maalim, nina shida, na shida yangu ni salamu." Tukamwambia aeleze. Akasimulia kwamba Jumamosi moja mavyaa wake alikuja kuwatembelea, amebeba mahamri kwenye kikapu, pumzi zikimwendea mbio kwa kupanda ngazi. Mjukuu wake, mtoto wa kiume wa miaka 9, alikuwa amelala kifudifudi mkekani na simu mkononi. Nyanya akatangulia kutoa salamu, akanyoosha mkono ili mtoto aushike na kuubusu, kama ilivyo ada ya nyumba zetu. Mtoto akasema "Hai," wala hakuinua macho. Mkono ule ukabaki hewani kitambo, kisha mwenyewe akaurudisha ndani ya buibui. Hakufoka wala hakulalamika. Aliweka kikapu chini, akasema ana safari nyingine, akashuka ngazi bila ya kunywa hata chai.

"Sasa ni juma la tatu, Maalim, na hajarudi. Mume wangu asema mimi ndiye niliyemlea mtoto vibaya. Nami naapa sikumfunza haya. Chuo anakwenda, skuli anakwenda, maneno ya salamu anayajua. Basi nani aliyemfunza?"

Tulimwomba atupe juma moja tulitafakari swali lake. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata, na tumeona si haki kumpa yeye peke yake, kwani nyumba zenye swali hili ni nyingi.

Elimu ya watu kukaa pamoja

Swali la "nani aliyemfunza" ndilo mlango wa elimu nzima inayoitwa elimu ya jamii, au sosholojia kama vijana wetu wanavyoisoma katika vyuo vikuu. Baadhi ya wazee huidhania kuwa elimu ya kigeni isiyotuhusu. Jina lake ndilo geni: lilienezwa na Auguste Comte wa Ufaransa katika karne ya 19. Lakini kazi yenyewe ya kuchunguza namna watu wanavyokaa pamoja, wanavyoshikamana na wanavyotengana, ilifanywa karne nyingi kabla yake na mwanachuoni wetu Abdulrahman Ibn Khaldun.

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, akafiliwa na wazazi wake wawili akiwa kijana, katika tauni kubwa iliyopita Afrika ya Kaskazini. Aliwatumikia wafalme, akafungwa jela, akawa kadhi wa madhehebu ya Maliki mjini Cairo, na huko akafariki mwaka 1406. Mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome moja ya Aljeria, aliandika Muqaddima, utangulizi wa kitabu chake cha tarikh. Humo alitangaza kwamba anaanzisha elimu mpya, elimu ya umrani, yaani ya ustaarabu wa wanadamu na hali zinazowapata wanapoishi kwa pamoja.

Katika mengi aliyoyasema, mawili yanatufaa leo. La kwanza ni kwamba mwanadamu ni mtoto wa mazoea yake kuliko kuwa mtoto wa maumbile yake. Jambo alilolizoea huwa kama sehemu ya umbo lake. La pili ni kwamba aliyeshindwa hupenda kumuiga aliyemshinda, katika mavazi, katika vipando na katika mienendo, kwa kudhani kwamba ushindi wa yule umetokana na mambo hayo. Anayetaka kujua kwa nini kijana wa Mombasa au wa Malindi aona fahari kutamka "Hai" kuliko salamu ya nyumbani kwao, jawabu lake la mwanzo liliandikwa zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Utamaduni ni nini?

Neno utamaduni tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ina udugu na neno madina, yaani mji. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe mna maana ya watu kukaa pamoja mahali pamoja wakawa na taratibu. Mwingereza Edward Tylor, katika kitabu alichokitoa mwaka 1871, aliueleza utamaduni kuwa ni jumla ya elimu, itikadi, sanaa, maadili, sheria, desturi na mazoea yote ambayo mtu huyapata kwa kuwa ni mmoja wa jamii fulani. Hapo pana neno moja la kushikwa: huyapata. Mtu hazaliwi na utamaduni kama anavyozaliwa na rangi ya macho. Huupokea kutoka kwa watu.

Wataalamu huugawa utamaduni sehemu mbili. Kuna utamaduni wa vitu, ambao huonekana na kushikika: mlango wa nakshi, jahazi, mbuzi ya kukunia nazi, leso, kofia ya vito. Na kuna utamaduni usioshikika: lugha, imani, thamani, kaida, na maana tunazovipa vitu vile. Sehemu ya pili ndiyo roho, na ya kwanza ni mwili.

Tutoe mfano wa nyumbani. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa akiwa njiani kwenda Kilwa, akalala usiku mmoja. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki ni wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Akaeleza kwamba misikiti yao ilijengwa kwa miti kwa ufundi mwema, na kwenye kila mlango wa msikiti pana kisima kifupi kimoja au viwili, na chombo cha mti cha kutekea maji. Mwenye kutaka kuingia huosha miguu yake, kisha huifuta kwenye kipande cha jamvi kilichowekwa mlangoni.

Kisima, chombo na jamvi ni utamaduni wa vitu. Lakini mgeni asiyejua tahara ni nini angeliona shimo la maji tu. Kilichoyapa maji yale maana ni itikadi iliyokuwa vifuani mwa watu. Na wala hakusimama mtu mlangoni akimlazimisha kila aingiaye kuosha miguu. Mtoto aliandamana na babake, akamwona akiteka maji, akateka naye. Hivyo ndivyo utamaduni unavyopokezanwa, na hivyo ndivyo birika na kata vilivyodumu kwenye misikiti yetu mpaka zama za mifereji.

Kaida nyepesi na kaida nzito

Kila jamii ina kaida, yaani mambo ambayo watu huyatarajia kwa kila mmoja wao. Mmarekani William Sumner, katika kitabu chake cha mwaka 1906, aliziweka kwenye mizani. Ziko desturi nyepesi, ambazo mwenye kuziacha huchekwa au hushangaliwa tu. Mtu akinywa chai ya asubuhi kwa mkate wa dukani badala ya mahamri na mbaazi, hapana atakayemwita mkosa adabu. Na ziko kaida nzito zilizofungamana na maadili, ambazo mwenye kuzivunja huonekana ameivunja jamii yenyewe. Kumdharau mzazi ni katika hizo.

Sisi wanafunzi wa fikihi hatushangai kuona mizani hii, kwani mafakihi nao wamezipanga amali za mtu kuanzia faradhi mpaka haramu, na katikati wakaacha uwanja mpana wa mubaha ambamo watu huenda kwa ada zao. Tofauti ni kwamba mtaalamu wa jamii hutazama watu wanalitukuza jambo gani, na fakihi hutazama Mwenyezi Mungu amelihukumu vipi. Mizani mbili hizi hazilingani kila mara, na hilo tutalirudia.

Kaida hulindwa kwa thawabu na adhabu za kijamii. Si lazima ziwe fimbo au zawadi. Tabasamu ni thawabu, na kunyamaziwa ni adhabu. Nyanya wa mtoto yule aliporudisha mkono wake ndani ya buibui, alitoa adhabu kali kabisa katika adabu ya watu wa pwani, ambao huona kufoka ni upungufu. Lakini adhabu ile haikumfikia mtoto. Aliyeielewa ni mamake, kwa sababu yeye amekulia ndani ya lugha ile ya kimya. Mtoto hakuwa amefunzwa kuisoma. Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba kilichopungua kwake kilikuwa kikubwa kuliko neno moja la salamu.

Mtoto wa msituni

Je, yawezekana mtu akawa mtu bila ya kufunzwa na watu? Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalus aliyefariki mwaka 1185, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyenyonyeshwa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akakua, akatumia akili yake mpaka akamtambua Muumba. Kisa hicho kilikusudiwa kuonyesha uwezo wa akili, na ni kisa cha kutungwa.

Mwaka 1800 huko Ufaransa ulionekana mfano wa kweli. Katika jimbo la Aveyron alipatikana mvulana aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 12, ambaye alikuwa ameishi msituni peke yake. Hakuwa na lugha. Tabibu kijana, Jean Itard, alimchukua mjini Paris akampa jina la Victor, akajitahidi kumfunza kwa miaka kama 5. Victor hakupata kusema ila maneno machache mno. Umri wa kuipokea lugha ulikuwa umempita.

Lakini kulikuwa na mama mmoja, Bibi Guérin, aliyemlea nyumbani kwake, akampikia na kumvumilia. Victor alizoea kuandika meza ya chakula. Mume wa bibi huyo alipofariki, Victor aliweka sahani ya marehemu mahali pake pa kila siku. Alipomwona bibi ameangua kilio, aliiondoa ile sahani kwa huzuni, akairudisha kabatini, wala hakuiweka tena. Mtoto aliyeshindwa kujifunza maneno alikuwa amejifunza huruma, na hakufunzwa kwa ubao na chaki. Aliipata kwa kukaa na mtu aliyemhurumia. Victor alifariki mwaka 1828.

Huku ndiko wataalamu wanakokuita ujamiishaji: safari ya maisha yote ambayo kwayo mtu huyapokea ya jamii yake mpaka yakawa yake. Sisi tumezoea kusema malezi, na wazee wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, kisha wazazi wake ndio wanaompeleka kwenye njia hii au ile. Imam Ghazali naye aliueleza moyo wa mtoto kuwa ni johari safi isiyo na nakshi, na ni amana mikononi mwa wazazi wake.

Walimu watano

Mtoto ana walimu wengi, na wengi wao hawana chaki. Wa kwanza ni nyumba, ambayo Charles Cooley wa Marekani aliiweka katika vikundi vya awali, yaani pale watu wanapojuana uso kwa uso. Cooley huyohuyo alisema mwaka 1902 kwamba mtu hujijua kwa kujitazama katika nyuso za wenziwe kama ajitazamaye kwenye kioo. Mtoto anayeambiwa kila siku kuwa ni mpumbavu hujiona mpumbavu kwenye kioo hicho.

Mwalimu wa pili ni rika. Wa tatu ni chuo na skuli, kwani Émile Durkheim aliiona elimu kuwa ni ujamiishaji wa kizazi kipya uliopangwa kwa utaratibu. Wa nne ni mtaa: baraza, msikiti, shughuli za harusi na matanga. Wa tano ni vyombo vya habari, na leo hivyo vimeingia ndani ya simu, na simu imelala mkekani pamoja na mtoto.

Zamani walimu hawa waliafikiana. Aliyokatazwa mtoto nyumbani alikatazwa barazani, na jirani aliyemkuta akitukana njiani alikuwa na idhini ya kumrudi. Mkono mmoja haulei mwana. Leo mwalimu wa tano hazungumzi na wanne wa mwanzo, wala hawajui. William Ogburn aliandika mwaka 1922 kwamba vitu hubadilika upesi kuliko kaida za kuvitumia, na katikati hubaki pengo. Simu tumeipata; adabu ya simu bado hatujaitunga. Je, mtoto aliyeishika aiweke chini mgeni akiingia? Je, baba aipokee akiwa mezani? Nyumba nyingi hazijawahi kulizungumza hili hata mara moja, na pasipo kaida kila mtu huenda kwa hawaa yake.

Yaliyotufika sisi wenyewe

Hatutaki msomaji adhani tunawanyooshea wengine kidole. Yalitufika chuoni kwetu, na tunayasema kwa kuwa yana funzo.

Siku moja tulichelewa. Tulipokaribia mlango tulisikia watoto wakicheka, tukasimama kando kusikiliza. Walikuwa wakicheza mchezo wa chuo. Mmoja amejifunga kilemba cha kanzu ya mwenziwe na kushika bakora, naye ndiye sisi. Akaja mtoto wa kwanza akijifanya tajiri aletaye sadaka. "Maalim" yule akainuka, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamuulizia ahli zake mmoja mmoja. Akaja wa pili akijifanya muuza maji na mkokoteni wake. "Maalim" hakuinuka wala hakumtazama. Alipunga mkono tu, mpungo mfupi, akaendelea kusoma.

Watoto walicheka kwa sababu mpungo ule ulikuwa wetu hasa. Sisi hatukucheka. Tulikuwa tumewasomesha adabu za salamu kwa miaka. Walizihifadhi na katika mtihani walizijibu bila kosa. Na muda wote huo walikuwa wakituona kila asubuhi tukimpita yule mtu wa maji.

George Herbert Mead, mwalimu wa Chicago aliyefariki mwaka 1931, alifunza kwamba mchezo wa watoto si upuuzi. Mtoto anapojifanya mama, mwalimu au askari, huivaa nafasi ya mwingine na kuutazama ulimwengu kwa macho yake, na humo nafsi yake hujengeka. Basi anayetaka kujua amemfunza nini mtoto wake, na amsikilize anapocheza. Ibn Khaldun naye alionya kwamba ukali wa mwalimu huwazoeza watoto hila na uongo. Fimbo ingewafunza wale watoto kucheza mchezo wao mbali nasi, basi.

Tangu siku ile tunamsalimu mtu wa maji kwa jina lake. Ilituchukua siku nyingi mpaka mkono ukaacha kupunga wenyewe.

Si kila mila ni dini, wala si kila geni ni uovu

Kuna hatari mbili katika mazungumzo haya. Ya kwanza ni kudhani kwamba kila tulilolirithi ni safi na la asili. Leso, fahari ya mama zetu, yasemekana jina lake lilitoka kwa Wareno. Meza ni neno la Wareno pia. Biriani imevuka bahari kuja kwetu. "Sabalkheri" na "masalkheri" ni Kiarabu. Utamaduni wa Waswahili umejengwa kwa kupokea na kufinyanga. Kwa hiyo kosa la mtoto yule haliwi kosa kwa sababu neno lake ni la Kiingereza. Angeinuka, akaweka simu chini, akaushika mkono wa nyanya yake, hata ulimi ungeteleza nyanya angecheka. Kilichomliza si neno lililokuja, ni heshima isiyokuja.

Hatari ya pili ni kuipa mila kiti cha dini. Moja katika kanuni 5 kuu za fikihi ni kwamba ada huzingatiwa katika hukumu. Uislamu haukuja kufuta kila desturi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizia kama kulikuwa na burudani katika harusi ya bibi mmoja aliyeolewa na mtu wa Ansari, kwa kuwa Maansari walipenda hayo. Lakini ada huzingatiwa pale tu isipopingana na nassi.

Basi familia inapomwambia binti kwamba "mila yetu mwanamke hachukui kiwanja," hiyo ni mila, na ni mila iliyobatilika, kwa kuwa Qur'ani imempa mwanamke fungu lake katika kilichoachwa na wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kikubwa. Tumeona wanawake wakinyamaza miaka wakidhani wanaitii dini, kumbe wanaitii desturi ya ukoo. Nchini kwetu, mahakama za kadhi zimetambuliwa na katiba ya 2010 katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Anayeidai haki yake hapo haivunji familia. Na familia inapomwambia kijana kwamba hawezi kuoa mpaka akope fedha za kulisha mtaa mzima, hiyo nayo ni ada inayomdhulumu, na hapana dhambi kuipunguza.

Wazee wasema mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli. Na anayeibeba mila bila kuipima naye amefungwa, ila mnyororo wake ni wa nyumbani.

Tulimjibu nini mama yule

Juma lilipotimia mama alirudi. Badala ya jawabu tukampa swali: "Mwanangu, wewe unapokwenda kwa mavyaa wako, unaingia vipi?"

Alikaa kimya. Kisha akasema kwamba haingii. Baina yao palipita maneno mwaka wa pili wa ndoa, na tangu hapo huwapeleka watoto mpaka chini ya nyumba, akapiga honi, wao wakapanda peke yao. Akitaka jambo hutuma ujumbe kwa simu. Tukamuuliza: "Na mume wako?" Akasema mume huingia, lakini sikio liko kwenye simu, humpungia mamake mkono huku akizungumza na watu wa kazini.

Tukamwambia: "Basi mtoto wako ana miaka 9, na katika miaka hiyo hajapata kuona mama yake akimbusu mkono nyanya yake hata mara moja. Wewe hukumfunza neno lile, na umesema kweli. Mumeo naye hakumfunza. Lakini nyote wawili mlimwonyesha." Alilia, nasi tukamwachia nafasi. Hatukumwambia nani alikuwa na haki katika maneno yale ya mwaka wa pili, kwa sababu hatujui, na kwa mtoto hilo halina uzito. Mtoto haoni nani ana haki. Huona mama haingii.

Tulimshauri asimlazimishe mtoto kwenda kuomba radhi akiwa amesimama nyuma yake kama askari. Tukamshauri waende wote watatu, na kabla ya kupanda ngazi simu zote zibaki garini, ya baba ikiwa ya kwanza. Mama atangulie kuingia, ashike mkono, akae, anywe chai. Mtoto asiambiwe kitu.

Walikwenda Ijumaa baada ya sala. Alitueleza baadaye kwamba mavyaa alimpokea kwa adabu, si kwa furaha. Mtoto siku ile alisimama mlangoni akiwatazama wakubwa wakisalimiana, kisha akamwamkia nyanya kwa sauti ndogo kutoka kule alikosimama. Ijumaa ya pili alikwenda akanyoosha mkono, akausahau kuubusu. Ijumaa ya tatu mama alikuwa na homa, hakwenda, akamtuma mume na mtoto. Magharibi mavyaa wake alikuja mwenyewe na chupa ya uji, akapanda ngazi zile, na mtoto akashuka hadi katikati kumpokea chupa.

Hatusemi kwamba yote yamekwisha. Maneno ya mwaka wa pili wa ndoa yangalipo, na yatataka siku yake. Lakini yule mtoto sasa ana kitu cha kuiga.

Wasomaji wetu, kabla ya kulala usiku wa leo, jiulizeni jambo moja: lau watoto wenu wangecheza mchezo wa nyumba yenu mbele za watu, mngependa kuutazama? Aliye na jawabu zuri na amshukuru Mola wake. Aliye na jawabu chungu, kama lilivyokuwa letu, ajue kwamba kesho asubuhi atapita mtu anayestahiki salamu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe mfano mwema kwa watoto wetu, aziunganishe nyoyo za jamaa zetu, na awarehemu wazazi wetu waliotulea tungali wadogo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.